Wakili Aliyejua Mkwe Hatazamwi

Ofisi ile ya mawakili mjini Shinyanga ilikuwa na vyumba viwili na mawakili wawili, na wawili hao hawakufanana hata kwa kikohozi. Mkubwa, Mzee Daruwala, Mparsi wa Bombay, alikuwa mtu wa vitabu. Mpe mkataba wa kinu cha pamba, atakuonyesha palipo na kasoro kabla chai yake haijapoa. Lakini mbele ya shahidi alikuwa bure kabisa. Mkulima akimkodolea macho, mzee anaanza kutafuta miwani. Kazi ya kuhoji alimwachia mwenzake, Marselino, na huyo ndiye habari yetu.

Marselino alikuwa Mgoa, ila Mgoa wa Usukumani. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika kijiji kimoja njia ya Maganzo. Mama alifariki mtoto hajaota meno, na wanawake wa kijiji wakamlea kama wao. Alichunga ndama, akatafuna michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, akajua nani humpisha nani njiani. Baadaye alipelekwa Bombay kusoma sheria, akarudi na koti jeusi na masharubu. Mahakamani alimhoji mfugaji kwa upole wa jirani mpaka mtu akasahau alichopanga kusema. Alijivunia ufundi huo, na kusema kweli alijivunia kupita kiasi.

Mwaka 1953 ghala la tajiri mmoja wa pamba liliungua. Tajiri akasema aliyelichoma ni Masele, mfugaji waliyewahi kugombana juu ya mizani ya pamba, akamdai fidia. Masele akishindwa, ng'ombe wake wote wangeswagwa mnadani, na kwa mfugaji hapo ndipo nyumba inapokwisha. Masele hakuwa na wakili. Shahidi alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake Mbuke, ambaye angeeleza kwamba siku ya moto Masele alikuwa kwake ng'ambo ya mto akimwezekea nyumba.

Tajiri alikuwa mteja wa Marselino. Wakili aliposikia kwamba shahidi ni mkwe, aliiona njia papo hapo, na badala ya kuiogopa alifurahi.

Kwa Wasukuma wa wakati ule, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Salamu hupita ukutani, na chakula hupelekwa na mtoto. Hakimu, Mwingereza aliyefika wilayani majuzi, hakuyajua hayo, na mkalimani wake alikuwa mtu wa Tanga, asiyeyajua pia.

"Mama, siku ile ulimwona Masele kwa macho yako?"

Mbuke alikuwa amejifunika khanga mpaka machoni, ameuelekea ukuta. "Nilimsikia yuko juu ya paa. Nikampikia ugali."

"Ugali sijauliza. Ulimwona, hukumwona?"

"Sikumwona."

"Basi mwonyeshe hakimu Masele ni yupi humu ndani. Mtazame usoni, umnyooshee kidole."

Mwanamke hakugeuka. "Haifai," alisema, na Marselino akawahi kukaa chini, maana swali moja zaidi, haifai kwa nini, lingeifichua mila. Masele naye alikuwa ameinama. Kuanza kueleza habari za mkwe mbele ya mkwe mwenyewe kungekuwa aibu juu ya aibu. Hakimu akaona shahidi asiyethubutu kumtazama mtu anayemtetea, na mdaiwa asiyeinua kichwa. Akampa tajiri ushindi.

"Kijana," Mzee Daruwala alimshika mkono, "ulichofanya leo hakimo katika kitabu chochote."

Marselino alitabasamu, moyo ukamsuta palepale. Kesho yake karani wao, Pantaleo, ambaye kila asubuhi walisalimiana "Ng'wangaluka" na kutaniana kwa Kisukuma, aliingia akasema, "Habari za asubuhi, bwana," akaenda kukaa. Kisukuma kikaishia siku hiyo. Marselino alijitetea moyoni kwamba hakusema uongo hata neno moja, na utetezi huo ndio uliozidi kumtafuna. Mila aliyofundishwa na waliomnyonyesha ndiyo aliyoitumia kumwumiza Mbuke.

Mnada ulipotangazwa, akashindwa kula. Ndipo akafanya jambo alilodhani ni wema: akamtuma Pantaleo kwa siri kwa Mbuke, amwambie kwamba akirudi mahakamani akamtazama mkwewe mbele ya hakimu, shauri litasikilizwa upya na ng'ombe watapona.

Aliyekuja ofisini hakuwa Mbuke. Alikuwa Masele, na alikataa kiti.

"Mama amekubali," alisema. "Analia, lakini amekubali kuja kunitazama. Mimi nimemkatalia. Nimekuja kukuomba usimtumie mtu tena."

"Masele, ng'ombe wako wataondoka wote."

"Najua. Lakini wewe si umekulia kwetu? Ulijua tangu mwanzo."

Marselino aliona haya kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Nilijua."

"Basi nenda wewe kwa hakimu. Mwambie kwetu mkwe hatazamwi. Hilo tu."

Wakili aliutazama mlango wa Mzee Daruwala, akashusha sauti. "Nikimgeuka mteja wangu, nitanyang'anywa kazi. Sitakuwa wakili tena."

Masele aliitikia kwa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyeelewa.

"Na yeye akinitazama," alisema, "hatakuwa mkwe wangu tena."

Akavaa kofia yake, akatoka. Baada ya mnada alihamia machimbo ya Geita, na kule mkewe alimfuata na watoto. Mbuke alibaki peke yake ng'ambo ya mto, chini ya paa lile.

Marselino alibaki wakili mpaka uzeeni.