Mama wa Keki Darajani

Kila Jumamosi mchana Edrine humshusha mama wa keki mwanzo wa daraja, upande wa mtaa wa Gumbo, kisha hutangulia na bodaboda yake kwenda kumsubiri ng'ambo. Mabamba ya chuma ya lile daraja hurukaruka chini ya magurudumu, na keki ya arusi ya ghorofa tatu haitaki kurushwa. Kwa hiyo mama hutembea. Boksi amelikumbatia kifuani, mpini wa mwavuli ameubana kati ya shingo na bega, kivuli chote kinaiangukia keki. Yeye mwenyewe jua la mwezi wa tatu linamla. Hakimbii, hasimami, malori yakipiga honi hageuki. Askari akimuuliza amebeba nini, hujibu, "Arusi iko saa nane," na kuendelea.

Leo Edrine alimwona katikati ya daraja akichechemea hatua mbili, kisha akanyooka. Mama alipomfikia, alikuwa pekupeku juu ya lami ya moto.

"Mama, viatu iko wapi?"

"Moja ilikatika, nikaacha yote huko."

"Si ungeinama tu uchukue?"

Mama alipanda nyuma ya bodaboda, akachungulia krimu ndani ya boksi, akalifunga.

"Viatu haiyeyuki," alisema. "Twende."