Suali la Hewa Nililokutana Nalo Landani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetupa pumzi kabla hatujaiomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ndugu zangu wa Mtoni, mmeniuliza khabari za safari yangu, nami nawasimulia.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, binti yangu Salma, muuguzi Landani, alinitumia tiketi nikamwone mjukuu. Mke wangu Mwanaisha alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, akaiogopa baridi, akabaki. Siku ya kuondoka nilimwambia kama nilivyomwambia miaka yote, "Subiri, bibi. Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri."

"Nasubiri, bwana. Wewe usisahau sweta."

Asubuhi ya pili nikateremka uwanja wa ndege, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Rayners Lane kwa Salma. Karibu na stesheni, Mhindi mzaliwa wa Nairobi aliniuzia tangawizi kwa Kiswahili. Nikaona sijafika mbali.

Wiki ya pili, Salma alikuja na mwenzake wa kazini, Elif, Mturuki. Alikuwa akiigeuza kwa Kituruki hojaji ya kupima jinsi watu wanavyofahamu kuwa mazingira yao, maji, taka na hewa, yanagusa afya zao. Ijumaa ilikuwa ipigwe chapa.

"Wazee wetu wananijibu mambo ya ajabu, amja," alisema.

"Amja ndiyo nini?"

"Ndugu wa baba."

"Basi mimi ni ami yako." Kiingereza changu cha skuli kilitutosha.

Salma akacheka. "Twende naye. Kasomesha watu wazima maisha yake yote, atajua wanakwama wapi."

Jumatano tulipanda treni ya chini ya ardhi, kisha basi, hadi mtaa wa Waturuki, kaskazini ya mji. Bi Hatije, mmoja wa wazee hao, mjane wa makamo yangu, alitupokea kwa salamu ya Kiislamu katika chumba chake kimoja, akatutilia chai kwenye vigilasi vyembamba. Alikuwa akikohoa. Kikohozi kile nilikijua.

Elif akasoma suali. Nilisikia neno "hava" nikafurahi, kwani ni hewa yetu. Bi Hatije akachungulia dirishani, akajibu kwa ufupi.

"Kasema nini?"

"Baridi, lakini afadhali kuliko jana."

"Mwanangu, umemuuliza hali ya hewa. Hata kwetu mtu atakutazamia mawingu."

Elif akajishika kichwa. "Hava ni yote mawili."

"Muulize hewa anayoivuta akilala."

Akauliza upya. Bi Hatije akainuka, akavuta pazia nyuma ya kitanda. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Elif akatufasiria: huufuta kila wiki, hajamwambia mtu asije akadhaniwa mchafu. Kikohozi alikihesabu mtihani wa kusubiriwa.

"Huu si uchafu, mama, ni unyevu," alisema Salma, akitoa kalamu. "Leo hii naandika barua ofisi ya nyumba."

Mimi nilitaka kusema neno juu ya subira. Badala yake nililikumbuka jiko letu Mtoni, na seredani ya makaa inayowaka mlango umefungwa, kwa sababu mimi sipendi moshi ufike barazani.

Kabla sijaondoka, Elif aliniletea hojaji iliyopigwa chapa, suali limebadilishwa. Mafundi walikuwa wameshaanza kuubomoa ule ukuta wa Bi Hatije.

Nilipofika nyumbani, Mwanaisha aliuliza, "Umeniletea nini?"

"Suali. Hewa unayoivuta jikoni ikoje?"

"Umekwenda Landani kutafuta hilo? Ungekohoa siku moja tu ungeliona."

Niliitoa seredani nje kwa mikono yangu. Kikohozi hakijesha, lakini kinapungua, na moshi sasa unanifuata barazani. Nimejifunza kuwa subira ni kwa lile usiloweza kuliondoa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akukunjulie kifua, na akujaalie wa kukuuliza unapumuaje, nawe umuulize.