Mama Mkwe na Mabomba ya Hewa

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la mitambo ya kupasha nyumba joto huko ughaibuni, mjini Maple Grove, nikisubiri filta ya hewa. Mbele yangu walisimama mume na mke, Wakenya, pamoja na mama mzazi wa mume. Wanajenga nyumba mji wa Lakeville, ile aina isiyovujisha joto hata kidogo, kwa hiyo hewa safi lazima iingizwe kwa mashine.

Muuzaji aliwaeleza kwamba hewa hiyo inaweza kupitishwa kwenye mabomba yaleyale yanayosambaza joto vyumbani, ambayo hubeba sauti, au iwekewe mabomba yake, nyumba iwe na utulivu zaidi.

"Iwekewe yake," mke alisema upesi. "Nafanya kazi hospitali usiku. Mchana nataka kulala."

Mume akamtafsiria mama yake. "Mama, hutasikia hata mtu akiingia."

Mama akamshika mkwewe kiwiko. "Sasa nitajuaje umefika salama, na barabara zina barafu? Mimi hukusikia kwenye lile tundu la joto la chumbani kwangu ukivua viatu, ndipo roho yangu hutulia."

Mke hakuwa akijua kwamba mama humsikiliza hivyo. Filta yangu ililetwa, nami nikajifanya nasoma maandishi yake.

"Nitakuwa naingia chumbani kwako kwanza, Mama. Nikuamkie kabla sijalala."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Muuzaji, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliuliza tena wanachagua yapi.

"Mwambie aweke yale ya kimya," mama akamwambia mwanawe. "Huyu mtoto apate kulala."