Seva Iliyokataa Kuzimika

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikitunza kompyuta katika kampuni moja ya mizigo huko Changamwe. Tulikuwa wawili: mimi, niliyetoka Mishomoroni kila asubuhi, na mwenzangu, mwanamume mpole wa Mwakirunge ambaye hata akikasirika sauti haikupanda.

Seva zetu, zile kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zilikuwa mbili, zote zikiendeshwa kwa Linux. Moja ilibeba hati za mizigo. Ya pili ilibeba saraka, yaani majina na nywila za wafanyakazi wote, ili karani aingie kwa jina lake kwenye kompyuta yoyote. Seva ya mizigo haikumjua mtu mpaka iulize saraka: huyu ni nani, na yumo katika kundi gani?

Tabu ilikuwa kuzima. Stima ilikatika ovyo, na betri ya akiba ilitupa muda mfupi tu. Seva ya saraka ilizimika vizuri. Ile ya mizigo ilianza kujifunga, halafu ikakwama katikati, skrini nyeusi, mistari michache ya maandishi, basi. Betri ikikaribia kwisha, mwenzangu alibonyeza swichi kuizima kwa nguvu, maana hapakuwa na jingine la kufanya. Stima ikirudi tulikuta mafaili yameharibika.

Tulishuku diski, tukaibadilisha. Tulishuku nyaya. Kisha mwenzangu akasema, "Dada, labda inaiuliza saraka ilhali saraka imeshazimwa. Tuanze kuzima hii ya mizigo."

Tukafanya hivyo, nikadhani tumepona. Ikakwama palepale.

Meneja, mzee wa Likoni asiyezungumza kwa haraka, alituita ofisini kwake.

"Mwanangu, mashine hii ina nini?"

"Bado tunatafuta, mzee."

"Mwatafuta siku zote. Na kila ikiharibika naambiwa ni huyu bwana kaibonyeza."

Nikamweleza kwamba asipoibonyeza yeye, betri itaizima vilevile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na sikuona kama neno hata moja limemwingia. Baadaye diski ile mpya nayo ikafa, pamoja na hati za makontena yaliyokuwa yakisubiriwa na wenyewe. Mwenzangu akaachishwa kazi. Nilimtetea, lakini mtu asiyejua sababu hutetea nini? Alikunja shati lake la kazi, akaliweka kitini, akaniaga.

Nikabaki peke yangu, nikiizima na kuiwasha seva ileile ya mizigo, niliyoitia diski nyingine, nikisoma ile mistari mmoja baada ya mwingine. Hatimaye nikaona. Mwenzangu alikaribia sana. Seva ilipojifunga ilikata mtandao wake yenyewe kwanza, kisha ikaendelea kusimamisha programu zilizobaki. Kila programu iliendeshwa kwa jina lake, na seva ilitaka kujua jina hilo limo katika kundi gani. Majina hayo ya mfumo, yasiyo ya wafanyakazi, tulikuwa tumeyaweka ndani ya seva yenyewe, lakini makundi bado iliyauliza kwenye saraka, na njia ya kuifikia saraka ilikuwa imeshakatwa. Isipojibiwa ililala kidogo, ikauliza tena, ikalala zaidi. Nikaiamuru isiulize makundi ya majina ya mfumo, na ikikosa jibu ikate tamaa mara moja. Ikazimika. Nilirudia mara kadhaa, ikazimika kila mara.

Nilipompelekea meneja habari, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Lakini tumeshaagiza nyingine. Watu wa Nairobi ndio watakaoitunza."

Jumapili moja nilikwenda Mwakirunge. Mwenzangu alikuwa machimboni, akipakia mawe kwenye lori. Alikaa juu ya jiwe nami nikamweleza yote.

"Kwa hivyo haukuwa mkono wangu," akasema.

"Haukuwa."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Nikamwambia kuhusu seva mpya iliyokwisha kufika, na watu wa Nairobi walioipanga kama ile ya zamani. Akapangusa vumbi usoni kwa kiganja.

"Hiyo inazimika?"

"Inakwama palepale," nikasema. "Na siruhusiwi kuigusa."

Alitikisa kichwa taratibu. Dereva wa lori akamwita, naye akainuka, akaniuliza kama nimepata maji ya kunywa, kisha akarudi kwenye mawe. Nilikaa pale kwa muda, nikimtazama akiinua na kupakia. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nampelekea kitu.