Waya uliokuwa ndani ya begi la kukimbilia

Leo mjukuu wangu Riziki, anayeniita Koko, amenikamata.

Kadi ndogo inayoongoza joto la mashine yetu ya kutotolesha mayai ilikataa programu mpya kutoka kwenye kompyuta asubuhi nzima. Mayai yanapoa! Nikamfokea: "Umeiunguza!"

"Koko, mi sijaunguza kitu. Hii waya iko ya kuchaji tu. Ile ya data iko wapi?"

Waya huo wa data, mimi ndiye niliyeufunga kwenye begi la kukimbilia, risasi ziliposikika milimani.

Akalifungua begi, akaupata. Kadi ikakubali, mayai yakapata joto.

Ila begi hakuliachia: nguo zilizokuwamo zilikuwa zake tu.

"Koko, nguo zako ziko wapi?"

Nikakiri, na kwenu nakiri: vita vikifika hapa mjini Baraka, mimi nabaki. Moyo wangu umechoka.

Riziki alikunja shati langu, akalitia begini.

Ndugu zangu, shati hilo nilitoe?