Ndimu Ndani ya Kopo Lile

Kwenye mkeka tulikuwa mimi, wadogo zangu wawili, mama jirani na binti yake. Ndimu ninayoikata leo imenirudisha hapo. Tangu wazazi wafe, tulikula bugali na chumvi tu, na fizi zetu zilikuwa zinavuja damu. Nilikunywa maji, nikampa binti kopo.

“Mama, iko na damu ya yaya!” alisema binti, akiniita yaya kama mkubwa wake.

Niliangalia mkeka. Mama jirani akakamua ndimu ndani ya kopo lilelile, akanywa wa kwanza.

“Kunyweni, batoto. Kila siku mukuje kwangu.”

Tulienda kunywa ndimu mpaka fizi zikapona. Sasa mama huyo anaishi Kazimia, na bado sijaenda kumwambia asante, kwa sababu nitalazimika kulitaja lile kopo.