Siku Nilipolichokora Jicho la Chemchemi

Nitawaambia, lakini mkianza kucheka kabla sijamaliza nitanyamaza, maana hii aibu nimeibeba tangu mwaka ule tuliponunua shamba la mzungu huko upande wa Kaptagat, na mpaka sasa nikikutana na mtu wa kwetu sokoni Eldoret, kabla hajanisalimia ananiuliza kama nimebeba mtaimbo.

Tulikuwa kampuni ya watu waliochanga, wengine tumetoka Kiambu na Nyeri, wengine wenyeji waliokuwa wakimfanyia kazi yule mzungu, na shamba lilipokuwa letu tulilikata vipande tukapiga kura, kila mtu anaingiza mkono kwenye kofia anatoa namba yake. Kipande kimoja tu hakikuingia kwenye kofia, kile kimsitu cha chemchemi. Hayo ndiyo maji pekee tuliyokuwa nayo, ukiyakosa unateremka mtoni mwendo wa saa nzima halafu unapanda na debe, kwa hivyo tulikubaliana yawe ya wote, na mimi (nilikuwa nimesoma kidogo, na mdomo ninao) nikachaguliwa mwangalizi wa maji.

Sasa ile chemchemi, jamani. Ilikuwa chini ya mti mmoja mkubwa wa podo ambao watu wanne hatukuweza kuuzungusha mikono. Maji yalitoka kwenye tundu dogo, ngumi haingii, na ndani yake mchanga mweupe ulikuwa unachezacheza polepole kama uji unaoanza kuchemka, lakini ukitia mkono ni baridi mpaka mifupa inauma. Na hakuna sauti. Siku ya kwanza nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikijiuliza haya maji yametembea wapi huko chini, miaka mingapi, mpaka yakaamua kutokea hapa.

Mngefikiri mtu aliyeona hivyo atayaacha yalivyo. Mimi niliona yanahitaji msaada wangu.

Tukaambiwa afisa fulani wa wilaya atakuja kuona vile sisi wenye mashamba mapya tunavyotunza misitu na maji. Mwenyekiti wetu akaniomba nifagie majani tu. Lakini majani, nikajiambia, hayaonyeshi kazi ya mtu. Nikaenda mjini kwenye duka la Msomali mmoja, nikanunua kipande cha bomba na mfereji wa kufungulia maji, unaong'aa (yule mzee aliniuliza nautia wapi, nikamwambia kwenye chemchemi, akanitazama sana halafu akafunga mzigo).

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa pale mapema, nimeng'oa nyasi zote, nimetoa mawe yaliyoota kuvu, nimeshika mtaimbo, ndipo Mama Tabitha akaja na debe lake. Huyu mama alikuwa amekamua ng'ombe wa mzungu miaka na miaka, na kwenye kura alipata kipande kilicho chini kidogo ya chemchemi, mawe matupu, ila pembeni mahali padogo amepanda viazi. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hapo hapachokorwi. Hata mzungu alikuwa anachota na kibuyu."

Nikamjibu (Mungu anisamehe) kwamba tumeshapata uhuru, mambo ya kibuyu yamekwisha. Akachota, akaenda zake.

Tundu lilikuwa dogo kuliko bomba, basi nikalipanua. Chini kulikuwa na udongo mweupe wa mfinyanzi, mgumu kweli, nikapiga mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mtaimbo ukazama wenyewe mpaka nusu. Maji yakazunguka, yakageuka rangi ya chai, kisha nikayaona kwa macho yangu yakiteremka na kuondoka.

Mtu mwenye akili angekimbia kwa Mwenyekiti. Mimi nilishindilia matope na mawe, nikapachika bomba langu, nikafunga utepe kwenye mfereji, nikaenda kuvaa suti ya harusi, nikitumaini ikifika saa sita yatakuwa yamejaa tena.

Saa sita watu wote walikuja, akina mama na madebe yao wakiimba. Nilipewa nafasi ya kusema neno moja, nikahutubia mpaka watoto wakalala, kwa sababu kwa hesabu yangu kila nikiongea maji yanapanda. Mwishowe mgeni akafungua mfereji. Kimya. Akafungua zaidi, akainama kuchungulia. Bomba likakohoa, likamtemea matope kwenye shati jeupe, na baada ya matope akatoka chura mdogo, akakaa juu ya kiatu chake.

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Mama mmoja alikuwa ameangalia nyuma ya bomba, akaona ni kukavu, na debe likamtoka mkononi. Mwenyekiti akaniuliza polepole mbele ya watu wote, "Umefanya nini?" Na mimi mwenye mdomo nikamwonyesha mtaimbo kwa kidole.

Mama Tabitha akatuambia tunyamaze, akalala chini akaweka sikio ardhini. Mmoja baada ya mwingine tukamfuata, hata mgeni na matope yake, umati mzima na nguo za Jumapili tumelala kifudifudi chini ya podo. Tukayasikia. Mbali sana chini, maji yanatembea, hayana haraka, hayana habari na sisi. Nililia pale pale, na sioni haya kulisema.

Siku kumi na moja tulienda mtoni. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Siku ya kumi na mbili Mama Tabitha akatuita kwake: katikati ya viazi vyake, vikiwa ndiyo kwanza vinatoa maua, udongo ulikuwa umelowa na mchanga mweupe unacheza. Alikuwa ameshaanza kuving'oa ili watu wapate njia. Chakula chake chote. Nikakimbilia jembe nimsaidie.

"Weka chini chuma," akasema. "Tumia mikono."

Tuling'oa mpaka jioni, na kesho yake nikamwachia kipande changu cha tambarare chenye mahindi, nikachukua kile chake cha mawe chenye maji. Alikubali bila asante, na ilikuwa haki yake. Tangu hapo sijajaribu tena kuyafundisha maji kazi, natoa tu majani kwa vidole.

Lakini kila asubuhi huyo mama anakuja na debe, anasimama kwenye seng'enge ya shamba lililokuwa lake, kwa ajili ya maji ambayo ni ya kila mtu, na anabisha hodi. Na mimi kila asubuhi namwambia karibu, nikiwa nimeangalia chini.